Kibanda cha Mzee Clement

Tangu kiharusi kimwangushe miaka kumi na miwili iliyopita, Clement alikuwa akiishi chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Nje kulikuwa na baridi ya Kilolo, ile inayopenya hadi kwenye mifupa, na mkewe Apolonia aliogopa kumweka uani. Basi akaenda Iringa mjini kwa seremala aitwaye Ombeni, akamwambia anataka kibanda cha mbao cha kuweka bustanini.

"Cha kutunzia majembe, mama?"

"Cha mume wangu. Mlango uwe mpana, kiti cha magurudumu kipite. Na uniwekee kioo kikubwa upande wa bondeni."

Ombeni alitumia mbao za paini zilizokaushwa vizuri, akakiinua kibanda juu ya matofali ili unyevu usizifikie. Kilipokamilika, Apolonia alimsukuma mumewe hadi ndani. Kulinukia utomvu. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, wakakaa wakisubiri.

Ukungu ulipoinuka, mlima mzima wa ng'ambo ya bonde ulisimama mbele yao, mweusi kwa mipaini mirefu. Clement aliipanda mwaka ule alioanguka, ikiwa haifiki hata magotini.

"Mama Adrian," alisema kwa ulimi mzito, "ile ni yetu?"

"Ni ile uliyopanda mwenyewe, baba."

Kwa mkono wake wenye nguvu Clement akavua kofia, kama afanyavyo akiingia kanisani. Apolonia, aliyepita chini ya miti hiyo kila siku akienda shambani, aliiona kana kwamba ni mara ya kwanza.