Tulivyosafisha Kiwanja cha Kanisa

Kamati yetu ya ujenzi ilikuwa na watu tisa, na sijawahi kuona watu tisa wanaopenda vikao kama wale. Kila Jumamosi tulijibana kwenye viti vya chekechea, magoti yakikaribia kidevu, tukajadili rangi ya milango ya kanisa ambalo halikuwa hata na msingi. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa ofisi za mkoa, mtu wa kuja kutoka kaskazini, na kila alichotaka kusema alikianza na "kimsingi". Kimsingi hakuwa na la kusema. Lakini alikuwa na suti tatu na gari, na huku Bariadi hayo yanatosha kumpa mtu kipaza sauti.

Shule tuliyofanyia vikao hivyo ilikuwa inakua, hilo silikatai. Ilianza na madarasa mawili pembeni ya barabara ya kwenda Sapiwi, ikaongeza bweni, ikaongeza basi la njano, ikaanza kukataa watoto kwa kukosa nafasi. Usharika wa mjini ukaona penye watoto wengi hivyo pafunguliwe mtaa wa Kilutheri, yaani kanisa changa linalolelewa na usharika mpaka lisimame lenyewe. Jumapili tukawa tunasali darasani, hesabu za Ijumaa bado ziko ubaoni. Mimi nilifundisha maarifa ya jamii, nikaongoza kwaya, na nikawekwa kwenye kamati kama mwenyeji. Maana yake nilitakiwa kuwajua wenyeji na kunyamaza.

Kiwanja tulipewa na mjane mmoja, jirani wa shule. Hakuwa Mlutheri wala hakuwa Mkristo; alikuwa anaheshimu mizimu ya kwao na hakumficha mtu. Wote tulimwita mayu, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama. Alitukabidhi kipande cha juu, chenye mawe, akatuonyesha mpaka kwa fimbo: kuanzia hapa mpaka kwenye ile minyaa. Alisema watoto wanaimba vizuri, kwa hiyo wapate pa kuimbia. Katika vikao vyetu vyote sikusikia neno la dini lililofikia hilo.

Ng'ambo ya ua huo wa minyaa kulikuwa na majani marefu, yanafika kifuani. Mtu yeyote aliyechunga ng'ombe Simiyu akiyaona anajua ni ngitili. Mvua zikianza, mwenye eneo analifunga, mnyama haruhusiwi kukanyaga. Majani yanakua, yanakomaa, yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikaza na kwingine kote kukawa vumbi, analifungua, na ng'ombe wake wanakula hapo mpaka mvua nyingine. Mayu alikuwa na ng'ombe wanne. Kwa Msukuma wanne ni wachache kiasi cha kuchekwa, lakini ndio waliomlimia, ndio waliompa maziwa ya kuuza mjini, na yale majani ndiyo yangewavusha.

Sasa, shule zetu zina ugonjwa mmoja. Jani likipita kifundo cha mguu linaitwa uchafu. Mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na fagio, anamaliza akiwa na fyekeo, na uwanja mzuri kwa mwalimu ni ule ulioparuliwa mpaka udongo ukabaki uchi. Kamati ilikuwa imejaa watu waliokuzwa na ugonjwa huo, wakapandishwa vyeo kwa sababu yake.

Mwezi wa sita tukaambiwa mkuu wa jimbo, mchungaji anayesimamia sharika za eneo letu, atakuja Oktoba kuweka jiwe la msingi, na akiridhika, mtaa utapewa mwinjilisti wake. Mwenyekiti akasimama barabarani, mikono nyuma, akatazama.

"Kimsingi mgeni akishuka hapa anakutana na pori," akasema. "Haipendezi."

"Mwenyekiti, yale majani yana mwenyewe," nikasema.

"Mwalimu, majani ni majani. Au unataka baba mchungaji agongwe na nyoka?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Neno ngitili lilikuwa mdomoni, na kulieleza kungechukua dakika mbili. Lakini mimi ni mtoto wa Mwamapalala, nimechunga hadi darasa la saba, na nilikuwa nimetumia miaka ishirini kujitoa harufu ya ng'ombe. Pale kwenye kamati niliitwa mwalimu, na nilipenda. Niliona nikianza kuwafundisha mambo ya malisho watakumbuka mimi ni nani. Nikanyamaza, mwoga mwenye tai.

Jumamosi iliyofuata tukatoa wanafunzi na mafyekeo. Mayu hakuwepo, alikuwa hospitali kule Somanda anamuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Watoto wa wafugaji walifika kwenye minyaa wakasimama, wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Nikawaambia wachape kazi. Mpaka saa saba majani yote yalikuwa chini. Baada ya siku tatu yalikuwa makavu, na mwenyekiti akaagiza yachomwe. Picha zilirushwa kwenye kundi la kamati, na sisi tisa tukapeana pongezi za vidole gumba.

Mayu alirudi baada ya wiki. Nilimkuta asubuhi amesimama kwenye minyaa, fimbo mkononi, anatazama majivu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu.

"Mwangaluka." Aliitikia kwa sababu alilelewa vizuri, si kwa sababu nilistahili. Kisha akaniuliza, "Ng'wana wane, na wewe ulikuwepo?"

Ng'wana wane ni mwanangu. Nikamwambia ilikuwa ni kamati.

"Sijauliza kamati," akasema.

Nililipeleka jambo hilo kikaoni, kwenye mengineyo, saa watu wanatafuta funguo za pikipiki. Mwenyekiti alisikitika kwa sekunde kumi hivi. Akasema kimsingi yule mama ni mtu wa mila, huenda Bwana ametumia njia hii kumwita. Ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba mama aombewe, tukafunga kwa sala, tukanywa soda. Nimewahi kuona wezi wa mifugo wenye aibu kuliko sisi.

Ilipofika Septemba, mayu aliwaswaga ng'ombe wake kwa ndugu zake mbali, kutafuta chochote cha kula. Wawili walianguka njiani. Wa tatu alikufa huko huko. Alirudi na jike mmoja, mbavu nje.

Siku ya jiwe la msingi ilikuwa na hema, viti vilivyovalishwa vitambaa kama maharusi, na maua ya plastiki mezani, hatua chache kutoka pale tulipochoma majani ya kweli. Mkuu wa jimbo alikuwa mtu mpole, asiyejua Kisukuma kabisa. Baada ya mahubiri ikaja zamu ya sadaka za vitu, zile zinazonadiwa ibada ikiisha: kuku, mayai, maboga, mkungu wa ndizi. Mwenyekiti alikuwa anasifia boga mayu alipoingia na ng'ombe wake.

Alimvuta kwa kamba, taratibu, maana mnyama mwenyewe alikuwa anapepesuka. Watu wakampisha. Akafika mbele ya meza, akaongea kwa Kisukuma, bila kupaza sauti.

"Majani yake mliyachoma. Nimewaletea na yeye mwenyewe, mmalizie."

Viti vya nyuma, walikokaa wenyeji, vikainamisha vichwa. Viti vya mbele vikatabasamu, kwa kuwa havikuelewa kitu. Mwenyekiti akanisukumia kipaza sauti.

"Mwalimu, mtafsirie mgeni wetu!"

Nilisimama. Nilimwona mkuu wa jimbo akingoja kwa upole, nikamfikiria mwinjilisti tuliyekuwa tunamsubiri, nikaliona hema lililojaa watu.

"Mama anasema," nikasema, "anamshukuru Mungu, na hiki ndicho alichojaliwa."

Vigelegele vikapigwa mbele. Mwenyekiti akatoa leso akajifuta macho, machozi ya kweli kabisa, na ndipo nilipomchukia kuliko siku zote.

Mayu akanigeukia. Alikuwa ameuza maziwa mjini tangu kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha kamati nzima.

"Sijasema hivyo," akaniambia.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kwa hiyo hema zima lilisikia.

"Amina!" akaitikia mwenyekiti, ambaye hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho, na viti vya mbele vikaitikia pamoja naye. Wa nyuma hawakuitikia. Walikuwa wananitazama mimi, kama wale watoto kwenye minyaa.

Mayu akanishikisha kamba. Akapita katikati ya viti, akavuka kile kiwanja chetu kisafi, akaenda zake.

Mkuu wa jimbo akainama upande wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona ng'ombe amekonda hivi.

"Ni kiangazi, baba mchungaji," nikamwambia.