Koti Jeupe la Ofisa

Nyie vijana wangu mtakaosoma haya, wa kike na wa kiume, tulieni kwanza. Nakumbuka siku moja ya miaka ile ya tisini, nikiwa mkamwana mgeni hapa Mamba, nilimvua mzee nguo kwa mdomo tu.

Tulikuwa tunajiandaa kufunga ndoa kanisani. Mnadani Kibaoni, kwenye rundo la mitumba, nikampatia mume wangu koti jeupe, zito, kola imesimama wima. Nikalileta nyumbani. Jirani mmoja akasema hilo la mpishi wa hoteli. Mwingine akabisha, la padri. Baba mkwe wangu alikuwa pembeni anachonga mpini wa jembe. Akasema, "Hebu lete."

Akaligeuza taratibu.

"Hili la ofisa wa jeshi. Tazama mabegani, tundu za kufungia cheo. Kifuani kushoto hapa, vitanzi vya uzi, nishani zinakaa hapa. Na vifungo hivi havikushonwa. Vinapita kwenye tundu, nyuma vinashikwa na kipete. Ukitaka kufua unavitoa vyote."

"Baba, mambo ya kufua umeyajulia wapi?"

"Nilikuwa dobi wao."

Sisi sote tuliamini alimbebea Mwingereza bunduki kwenye ile vita kuu ya pili. Yeye hakuwahi kusema hivyo. Ni sisi tulijisemea, naye akanyamaza. Wanangu, hapo ningefunga mdomo. Mimi nikapasua kicheko: "Kumbe baba vita ulipigana na sabuni!" Wale jirani wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Akanirudishia koti, akaondoka. Jioni ugali niliompikia ukarudi umefunikwa vilevile. Kesho yake hivyohivyo. Mama mkwe hakupaza sauti: "Baba yako asipokula cha mkono wako, ndoa hakuna. Funga mizigo, au kapige magoti."

Nikampigia mzee magoti. Hakunitazama.

"Siku moja nilisahau kifungo kimoja," alisema. "Shaba ikachemka na koti, likatoka na doa la kijani. Nikachapwa mbele ya wenzangu, nao wakacheka. Ndiyo maana sikuwasimulia. Wewe umenirudisha palepale."

Nililia, na si kwa kuogopa kurudishwa kwetu. Akaniacha nilie weee, kisha akasema, "Haya mama, lete huo ugali." Na koti la mwanawe alilifua mwenyewe, akalipiga pasi, siachi kulisema.

Wanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona. Mzee akikufungulia jambo alilolificha miaka yote, amekupa kitu. Kipokee kwa mikono miwili, hata kama ulitegemea kingine kikubwa zaidi. Na asiyebeba bunduki naye alibeba la kwake.

Mungu awape masikio mapana na midomo mizito, mzeeke katikati ya watu wasiowacheka.

Na humu kwangu nilishaamuru, naamuru tena: mtu akitaja kazi aliyowahi kufanya, iwe kufua, kupika au kuchunga ng'ombe wa watu, mpeni kiti asimulie. Atakayecheka achukue sahani yake, akale nje na kuku.