Madoadoa ya Mama Kutu

Majani yanakufa jamani, yanakufa vipande vipande, na mwenyewe anacheka!

Ni saa mbili kasoro asubuhi, kwenye kitalu cha vioo nyuma ya kituo cha utafiti. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ameinamia miche arobaini ya maharage. Kila jani lina vidoa vya kahawia, vidogo kama kichwa cha pini.

Yeye ni mtafiti wa kinga ya mimea, na wenzake wanamwita Mama Kutu. Mwaka wa kumi na moja huu anahangaika na kuvu mmoja tu, yule anayefunika majani ya maharage kwa unga wa rangi ya kutu mpaka shamba linakauka.

Leo ni siku ya kumi tangu aipulizie miche yake kuvu huyo. Mkataba wake unaisha Ijumaa, na mkuu wa kituo hakumung'unya maneno: “Leta matokeo au leta funguo.”

Sasa hivyo vidoa ni nini? “Huyu kuvu hali mzoga,” anaeleza. “Anataka jani lililo hai. Basi mche ukimtambua, unaua sehemu ile ile aliyoingilia. Mgeni anakuta sahani tupu, anakufa njaa.”

Kumbe jani lenye doa ndilo shujaa! Hilo ndilo lililomponza miaka miwili iliyopita.

Alikwenda wiki moja kumuuguza mama mkwe wake. Mtunza kitalu, anayeitwa Kiboko kwa jinsi anavyoyamaliza magugu, akaona miche thelathini na moja ina madoa. Akafanya kama mkulima yeyote mwenye akili timamu: akaing'oa, akaichoma moto.

“Nikamsubiri mlangoni, meno yote nje,” anasema Kiboko. “Nikamwambia, dada, nimekuokolea maharage haya mazima.”

Hayo mazima, siku tatu baadaye, yalikuwa kutu tupu. Yalikaa kijani kwa sababu hayakumtambua mwizi.

“Ulinifokea?” Kiboko anamuuliza.

“Sikukufokea. Nilikosa sauti, kaka yangu.”

Zilibaki mbegu saba za ukoo wa ile miche iliyochomwa, zimesinyaa kwenye bahasha ndani ya friji. Tano zikaota. Miche ya leo ni wajukuu wa hizo tano.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Mama Kutu anachukua pamba nyeupe, anafuta jani upande wa chini. Kuvu akiwa amezaa, pamba inatoka na unga.

Anaanza na meza ya pili, yenye maharage ya kawaida. Pamba inatoka kama imefuta bati bovu. Kisha anahamia kwa wajukuu. Mche wa kwanza, nyeupe. Wa kumi, nyeupe. Kiboko anashika daftari na kalamu, anaandika kila jibu.

Kwenye mche wa thelathini na tisa pamba inakuja na kitu cheusi. Mama Kutu anainusa, anaisogeza kwenye mwanga.

“Udongo,” anasema. “Umemwagilia kwa fujo, Kiboko.”

“Nipige tu, dada!”

Wa arobaini, nyeupe. Anakaa chini kwenye saruji yenye maji, na sketi yake ya kazini.

Funguo hazirudi, basi. Msimu ujao anataka kuipanda miche hiyo kwenye mashamba matatu ya wakulima, nje, kwenye upepo wenye kuvu wa kila aina. “Humu ndani ni mtihani wa darasani,” anasema. “Huko nje ndiko wanakofelia wengi.”

Simu inaita. Ni mama mkwe.

“Vipi mwanangu, yamepona?”

“Yameshinda, mama. Ila usiwaambie majirani bado, haijaisha.”

“Mbona nimeshawaambia?”

Mama Kutu anacheka mpaka machozi.

“Haya, hiyo waliyoisikia ni nusu. Nusu nyingine nakuja nayo kesho, mama, tukae niisimulie vizuri.”