Mkuyu Uliokufa Ukiwa Kijani

Nilipokuwa mtoto, miaka ile kabla ya Uhuru, hakuna aliyepita chini ya mkuyu wa ukingoni bila kushusha sauti. Kijiji chetu kilikuwa juu kidogo ya Garsen, na mkuyu ule ulisimama pale shamba la Bibi lilipokutana na mto Tana. Walisema una wenyewe. Ukiuliza wenyewe ni akina nani, ulitumwa kuchota maji.

Mjomba Jilo, kitindamimba wa Bibi, hakuwaogopa. Ndege walilala mkuyuni makundi kwa makundi, na kukicha wakashukia mpunga wake. Kuukata kwa shoka, wazee wasingekubali. Basi siku moja akachukua panga akauchuna gome, mkanda mpana kuzunguka shina lote. Utomvu mweupe ukatiririka hadi chini. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na kilichonitisha ni kwamba hapakusikika ndege hata mmoja.

Bibi alipouona alishika kichwa. "Jilo, umemchuna mtu akiwa hai."

"Ni mti tu, Mama."

"Haya. Lakini siku utakapoanguka, hautaanguka peke yake."

Jioni ile alikanda udongo wa mtoni, akalipaka lile jeraha, akalifunga kwa magamba ya mgomba kama anavyofungwa mtu aliyekatwa. Udongo ulipobanduka, alipaka tena.

Ajabu, mti haukunyauka. Miezi ikapita, majani yakabaki kijani. Juu ya jeraha gome likavimba kama mdomo wa mtu aliyepigwa. Makuyu ya mwaka ule yalikuwa makubwa, matamu kupita kawaida. Mjomba alijenga dungu la kulindia mpunga hapo hapo ubavuni mwa mti, akakaa juu akiyala.

"Kama hii ndiyo laana, Mama, na iendelee!"

Bibi hakucheka. Aliniinamia akaninong'oneza, "Usiyale. Mti ule umeshakufa, ila habari haijaufikia."

Tangu hapo sikuweza kuutazama. Mzoga hunuka, ukajua ni mzoga. Ule ulisimama mchana kweupe, umevaa majani yake, ukitupa kivuli.

Msimu uliofuata majani yakapukutika yote. Kisha mto ukajaa. Kwetu haikuwa imenyesha hata tone. Mvua ilikuwa ya bara, na maji yalitujia chini ya anga safi, mekundu, kimya, yakipanda ukingo polepole. Mjomba akaenda kuteremsha mpunga aliokuwa ameuhifadhi dunguni. "Narudi sasa hivi," alisema. Bibi akamfuata, nami nikamfuata Bibi.

Tulimwona kule juu akitupungia mkono. Hapakuwa na upepo. Mkuyu ukainama taratibu, mizizi ikachomoka ardhini, myeusi, ikikatika kama vijiti vikavu. Ukingo mzima ukaenda nao, na dungu, na mjomba. Bibi aliita jina lake mara moja tu. Mwili hatukuupata.

Miaka mingi baadaye, katika chuo cha ualimu, nilifundishwa kwamba maji na chumvi za udongoni hupanda kwa ndani, katika mbao; ndiyo maana majani yale hayakunyauka. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya gome. Gome likichunwa kuzunguka shina, chakula hukwama juu, kikavimbisha jeraha, kikayatia makuyu utamu, na mizizi ikafa njaa. Na mizizi ile ndiyo iliyokuwa imeushika ukingo.

Likizo ilipofika nilikwenda kumweleza Bibi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo majani yalikuwa na chakula?"

"Tele, Bibi."

"Na mizizi iko pale chini, inakufa njaa."

"Ndiyo."

"Na yasiweze kuishushia kitu."

Akaigeuza mikono yake mapajani, viganja juu.

"Hata mimi siku ile," akasema, "nilikuwa na mikono."

Nilikuwa nimekwenda kumwondolea hofu ya wenyewe wa mkuyu. Kumbe hofu hiyo ilikuwa imeshamtoka zamani, pale pale ukingoni, na kilichobaki kilikuwa ni mwanawe akimpungia mkono. Nilisogea nikakaa karibu naye, tukakaa hivyo hadi chakula kikaiva.