Sarafu ya Kwenye Pindo

Mimi ni fundi cherehani, na mtaani wananiita Mama Pindo. Wacha waniite. Pindo langu halifumuki, na sketi niliyoikunja mimi haipandi juu hata upepo ufanye vituko gani. Siri aliniachia marehemu mama, aliyekuwa fundi kabla yangu: ndani ya pindo unashonea sarafu, moja au mbili, kitambaa kishuke kwa uzito. Nguo za namna hiyo mama aliziita nguo zenye adabu. Aliniachia na kopo la sarafu zilizokufa, zile ambazo hakuna duka linalozipokea, na kwa miaka mingi nimezitia kwenye nguo za watu bila kuzifikiria. Mwisho zikabaki tatu. Moja niliitia kwenye gauni langu la kutokea. Mbili nilimshonea wifi yangu kwenye sketi ya kazi.

Wifi ni mdogo wa mume wangu. Alikaa miaka minne hana kazi, anakula kwetu na kuona haya kuomba chumvi. Ndipo akapata kazi makumbusho, meza ya tiketi, majaribio miezi mitatu. Meza yenyewe iko mlangoni, na mlango ule unavuta upepo, sketi ikawa inamwaibisha mbele za wageni. "Wifi, nitie adabu," aliniambia huku anacheka, nami nikamtia. Barua yake ya kuthibitishwa kazini ilikuwa itoke Ijumaa. Nyumbani tulikuwa hatulitaji hata hilo neno, tusije tukalitia nuksi.

Jumanne ile akanichokoza. "Tumefungua maonyesho ya sarafu za kale. Njoo, pengine utakutana na ndugu wa zile za kopo lako." Nikafunga kibanda, nikavaa gauni langu, nikalipa tiketi kama watu wengine. Wifi akanikonyeza. Mlangoni walitazama mikoba tu, wakabaki na mkasi wangu.

Chumba kilikuwa na baridi na makabati ya kioo, kila sarafu imelazwa juu ya mahameli kama mtoto mchanga. Nyingine ndogo kama kifungo cha shati. Nyingine zimeliwa mpaka huoni kitu. Kwenye kabati la nne nikasimama. Sarafu ya shaba, ina ndege aliyegeuza shingo nyuma. Ndege yule ninamjua kwa kidole gumba, nimempapasa mara ngapi nikimshona! Karatasi ya pembeni iliandikwa: Adimu sana. Ndiyo pekee tuliyo nayo.

Furaha yangu haikumaliza dakika. Nilipogeuka kutafuta mtu wa kumwonyesha, nikaona mlango wa kutokea. Alisimama mlinzi wa kike, ameshika kirungu cheusi, kile kinacholia kikikuta madini, kila anayetoka anapitishiwa mwilini. Mama mmoja kikamlilia, kumbe bangili. Ikavuliwa mbele za watu.

Kirungu kitalia kwenye pindo langu, watafumua, watakuta sarafu sawasawa na iliyo kabatini, na nani ataniamini? Wifi ataona, atakuja mbio kunitetea. Watauliza, huyu ni nani wako? Watampekua na yeye, naye anazo mbili. Mfanyakazi, tena wa majaribio! Kazi imekwisha, na mimi ndiye niliyezishona kwenye sketi.

Nikaingia chooni, nikajifungia, nikaligeuza gauni na kuanza kuuma uzi. Jamani, nilijilaani. Nimeshona uzi mara mbili, mishono midogo, mkono wa mama mtupu. Fizi zilianza kutoa damu ndipo uzi ukakatika. Sarafu ikadondoka, ikalia kwenye vigae, ikabiringika chini ya mlango. Nikafungua niiwahi. Ilikuwa imeegemea kiatu cha yule mlinzi.

"Dada, hii imetoka wapi?"

"Kwenye gauni langu."

"Naona," akasema, akitazama pindo linaloning'inia. "Ulikuwa unaificha au unaifichua?"

Akanishika mkono mpaka meza ya tiketi. "Huyu alikuja na nani?"

Wifi alinitazama. Uso ulimpauka kama umepakwa unga.

"Simjui," akasema. "Alikuja peke yake."

Hilo liliniuma, sitadanganya. Mtu aliyekula mezani kwangu asubuhi ileile! Ulimi uliniwasha niseme, basi mpekueni na huyo asiyenijua. Nikaumeza. "Hatujuani," nikasema.

Akaitwa mhifadhi wa sarafu, mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikimbilia kwanza kabati la nne. Akarudi anahema. "Yetu ipo. Mama, hii umeipata wapi?"

Nikamgeuzia pindo. Ndani kuna bitana nyeupe, na kwenye bitana kuna duara la kahawia. "Hiyo ni pasi," nikamwambia. "Kila nikiipiga pasi nguo, shaba inaacha alama. Haiji kwa siku moja, na ikishakuja haitoki."

Mzee akailaza sarafu juu ya alama. Ilikuwa imemegeka ukingoni kidogo, na alama nayo imemegeka palepale. Akavua miwani. "Mwachie, mlinzi. Ni yake, tena ya siku nyingi." Kisha akaniinamia, sauti imebadilika. "Unazo nyingine? Hata mbili tu? Hujui ingekuwa nini kwetu."

Wifi alikuwa anapanga tiketi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Sina," nikasema.

Mlinzi hakuridhika. "Sawa. Lakini kuanzia leo jioni, hata wafanyakazi nitawapitishia kirungu."

Sasa ningemwambiaje wifi? Nimeshasema hatujuani. Nikasema kwa nguvu, kana kwamba naongea na mlinzi, "Alama ndiyo iliyoniokoa, dada! Asiye na cha kuficha aonyeshe alama!" Wifi hakuinua macho. Nikachukua sarafu yangu na mkasi wangu, nikatoka.

Mchana kutwa sikushona cha maana. Mkono wa kushoto wa blauzi ya mteja niliupachika kulia. Nilipiga simu ya wifi mpaka nikachoka, imezimwa. Kila kiatu kikipita nje ya kibanda, naruka.

Saa kumi na moja na nusu wifi akaingia. Pindo la sketi limebanwa kwa pini za karatasi.

"Wamekukamata?"

"Hapana. Kirungu hakikulia."

"Sarafu ziko wapi?"

"Nilifumua kwa mkasi wa ofisini."

"Ziko wapi, wifi?"

"Chooni." Akafunika uso. "Nilivuta maji mara tatu. Hazikurudi."

Nikakaa kwenye stuli. "Zilikuwa za mama."

"Najua. Niliogopa, wifi. Niliogopa mpaka nikakukana wewe."

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno, mtaa mzima unajua. Ila siku ile hasira ilinipanda ikanishuka palepale, maana niliyaona mikononi mwake madonda ya zile pini. "Vua," nikamwambia, nikamtupia kanga.

Kwenye bitana ya sketi kulikuwa na maduara mawili ya kahawia, yamekaa jirani. Miezi mitatu ya pasi ya kila siku. Angeyaonyesha tu, wangemwacha apite nazo. Sikumwambia. Nikakunja pindo juu ya alama, nikashona, nikanyoosha, nikamrudishia.

Akaivaa, akasimama mbele ya feni. Sketi ikapanda mpaka magotini. Akaishika chini kwa mikono miwili, akabaki ameinama hivyo.

"Haina adabu tena," akasema.

"Haina," nikasema, nikazima feni.