Mchanga wa Tangi Langu

Mpaka leo kaka yangu mkubwa akikaa na watu huwaambia, "Huyu aligombana na mimi kwa sababu ya mchanga." Watu hucheka. Mimi sicheki.

Tunaishi Mji Mkongwe katika nyumba tuliyoachiwa na baba, yeye na familia yake chini, mimi peke yangu juu. Nilipostaafu niliweka ukumbini tangi la samaki, la maji ya bahari. Wageni walitazama samaki. Mimi nilitazama mchanga, kwani mwanzoni ulinitia adabu: niliumwaga mwingi, nikauacha bila kuugusa, ukawa mweusi chini na kunuka kama yai viza, samaki wakafa mmoja mmoja. Nikajifunza kwamba kina chake kisizidi vidole vitatu. Usafishwe kipande leo, kipande wiki nyingine, tena kwa maji ya bahari, maana ya mfereji yana dawa, nayo huua vijidudu visivyoonekana ambavyo ndivyo vinavyokula uchafu. Niliweka konokono wadogo wa kuupindua, na jongoo bahari mmoja aliyekuwa akiumeza mchanga na kuutoa safi. Na kulikuwa na samaki mwembamba wa kijani aliyejifukia humo kila jua likitua. Asubuhi alichomoza kichwa kwanza, akaangalia huku na huku, ndipo akatoka.

Ukuta wa nyuma ya tangi ukaanza kumong'onyoka, kaka akaita fundi. Nililimwaga tangi mwenyewe. Samaki wengine niliwatia kwenye beseni. Mchanga niliutia kwenye ndoo kubwa pamoja na maji yake, konokono na jongoo, nikaweka na pampu ya hewa, na yule wa kijani nikamwacha humo humo, maana bila mchanga halali.

"Kaka, ndoo hii isiguswe," nilimwambia. "Mna kiumbe ndani."

"Nshasikia."

Nikaenda Bwejuu kumwangalia shangazi aliyekuwa mgonjwa.

Niliporudi kesho yake ukuta ulikuwa umepigwa plasta, laini kama kigae, na ndoo yangu imelala ubavu kando ya mlango.

"Shikamoo kaka. Mchanga wangu uko wapi?"

"Marahaba. Ulitupungukia. Unajua mchanga siku hizi haupatikani upesi, na fundi alitaka kwenda zake. Nkamwambia atumie ule. Ntakuletea mwengine."

"Na samaki?"

Alimgeukia fundi aliyekuwa anaosha mwiko wake. Fundi akainamisha kichwa. "Bi mkubwa, mimi nliambiwa kuna mchanga. Nliuchekecha uani. Samaki nkamrushia paka."

"Nilikwambia mna kiumbe, kaka!"

"Samaki mmoja tu! Sokoni si wamejaa? Kwani mchanga una roho?"

"Naam, kaka. Ule ulikuwa na roho."

Alicheka. Lau ndoo ile ingekuwa na mchele, asingethubutu kuigusa bila ya kuuliza. Ingekuwa na rangi ya mlango wake, angeifunika kwa gunia vumbi lisiingie. Lakini ilikuwa na kitu changu, kitu cha mwanamke aliyestaafu asiyekuwa na kazi, basi kikawa si kitu.

Niliteremka uani, nikapiga magoti mbele ya takataka za chekeche. Jongoo alikuwa amekauka. Konokono niliwaokota mmoja mmoja, nikawatia kwenye bakuli la maji ya bahari, na baadhi yao wakafunguka. Chini ya ndoo mlikuwa mmebaki mchanga wa kujaza kiganja, bado mbichi. Nao nikautia bakulini, nikaweka hewa.

Jioni kaka alipandisha gunia la mchanga mwekundu wa machimbo. "Huu hapa, tena mwingi kuliko ule."

"Uondoe," nilimwambia. Sikusema kaka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilikwenda Fumba, nikaomba ruhusa kwa wenyeji, nikachota ndoo moja ya mchanga maji yalipokupwa. Niliutandaza tangini, juu yake nikanyunyiza kile kiganja cha zamani pamoja na konokono waliosalimika. Maji yalikaa ukungu kwa wiki nyingi, na samaki wakaendelea kubanana kwenye beseni. Kisha nikaanza kuona njia nyembamba za konokono, na vitundu vya minyoo pembeni mwa kioo. Nikawarudisha samaki. Wa kijani mwingine sijampata.

Kabla ya masika plasta ikaanza kutoa malengelenge. Kaka alipanda juu, akaigusa, ikamwagika unga mweupe kwenye kanzu yake.

"Hii nini?"

"Chumvi. Umepiga ukuta kwa mchanga wa bahari."

"Mbona hukunambia?"

Nilichukua ufagio, nikauzoa ule unga. Akashuka kumpigia simu fundi. Kuniomba radhi hakuniomba, si siku ile wala baadaye.