Bei ya Mtoto wa Punia

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, binti wa karani wa reli, mwenye hasira za karibu.

Fundi cherehani wa mtaa wetu, hapa Kindu, alirudi kutoka Bujumbura na mchezo wa umeme wa kuenea kiganjani. Kijitu cheusi kilikimbia huku na huku kukwepa mawe. Mawe matatu yakikupata, umekwisha, mpishe mwenzako. Ukiinamisha kioo juani ulikiona kijitu kila mahali kwa mpigo, kivuli hafifu hata pale ambapo hakikuwa kimefika. Sikupenda kukitazama hivyo, lakini nilitazama.

Fundi alitoza kila zamu kulingana na mtu atokako. Watoto wa mjini, zaire moja, pesa ya wakati ule, yaani makuta mia. Wa Kailo, mji wa jirani, nusu. Wa Punia, mbali zaidi, makuta ishirini tu. Nilimwambia huo ni wizi.

"Baba yako anapata mushahara," alisema bila kuinua macho. "Wa Punia anatembea siku mingi na mupunga kwa kichwa. Nitawalipisha sawa?"

Mshahara! Baba alikuwa hajauona tangu mvua zianze.

Siku fundi alipokwenda Kailo, mkewe mpya, asiyenijua, ndiye aliyekaa na mchezo. Nikavua viatu, nikajifunga kitambaa kichwani, nikasema natoka Punia.

"Mutoto ya nani?"

Kwetu swali hilo halikosekani, nami nilikuwa nimelisahau.

"Ya mama mwenye anauzishaka mawese," nikabuni. "Tulipoteana mu njia."

Nikacheza mara tatu kwa bei ya Punia, huku nikichekelea moyoni.

Kumbe mke wa fundi alipeleka sokoni habari ya mtoto wa Punia aliyepoteana na mama yake muuza mawese. Niliporudi siku ya soko, saa sita mchana, fundi angali Kailo, mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na madumu mawili ya mawese.

"Njo huyu," mke wa fundi alimwambia, akininyooshea kidole.

Yule mama aliweka madumu chini. Alinishika kidevu, akakunja sikio langu la kushoto, akatazama nyuma ya sikio kama anayejua alama iliyopaswa kuwa pale. Mama niliyembuni kwa mdomo wangu alikuwa ananipumulia usoni.

"Hapana yeye," alisema. Akaliachia sikio polepole.

Nililia, nikakiri kila kitu. Aibu ile haijanitoka mpaka leo. Hakunigombeza. Alifungua ncha ya kitenge chake, akatoa makuta ishirini, akampa mke wa fundi.

"Ni ya mutoto wangu. Alipotea mu njia, haiko. Huyu acheze pa nafasi yake."

Sikuweza kukataa. Nikakaa, naye akasimama nyuma yangu. Nilitaka mawe yanipige upesi niende zangu nyumbani. Yalianguka, yakaanguka, na hata moja halikunipata.